Mkaa, gesi au umeme? Pima mteremko kabla hujanunua jiko

Bei iliyobandikwa kwenye jiko dukani ndiyo namba nyepesi kuliko zote katika suala la kupikia, na ndiyo hiyohiyo watu wengi wanayoilinganisha. Jiko la mkaa Sh 15,000, seti ya gesi Sh 130,000, presha kuka ya umeme Sh 180,000. Ukiishia hapo mkaa umeshinda. Lakini jiko hununuliwa mara moja, chai na ugali hupikwa kila siku, na fedha inayotoka kila siku ndiyo inayoamua nani atakuwa amelipa zaidi ikifika mwakani.

Hesabu yake ni ile ya mstari mnyoofu, y = mx + c. Hapa y ni jumla ya fedha iliyokutoka tangu siku ya kwanza, na x ni idadi ya siku. Herufi c ni ile uliyolipa kabla chochote hakijaiva: jiko, mtungi, mpira, regyuleta. Herufi m, yaani mteremko, ni nyongeza ya kila siku. Mistari miwili ikiwa na c tofauti na m tofauti, huenda kuna siku itakatana. Kabla ya siku hiyo mmoja ndio nafuu, baada yake ni mwingine. Kinachotakiwa ni kuijua hiyo siku, na kujua pia kama inakuja kabisa.

Bei za mkaa, gesi na vifaa zilizomo humu ni za mfano tu, zimewekwa ili hesabu iende. Zifute uweke za mtaani kwako. Bei za umeme ni za Tanzania Bara kwa viwango vilivyoanza 2016, pamoja na makato yake: VAT asilimia 18, REA (Wakala wa Nishati Vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Hata hizo zilinganishe na stakabadhi yako. Familia ni ya watu watano: chai asubuhi, ugali au wali mchana na usiku, na mboga yake.

| Jiko | c (Sh) | Matumizi kwa siku | Bei ya kipimo (Sh) | m (Sh kwa siku) |
|---|---|---|---|---|
| Mkaa, jiko la bati | 10,000 | kilo 2 | 1,000 | 2,000 |
| Mkaa, jiko lenye udongo ndani | 15,000 | kilo 1.4 | 1,000 | 1,400 |
| Gesi, mtungi wa kilo 15 na plate mbili | 130,000 | kilo 0.375 | 3,800 | 1,425 |
| Umeme, koili | 50,000 | uniti 4 | 356 | 1,424 |
| Umeme, presha kuka na indaksheni (jiko bapa la sumaku) | 260,000 | uniti 2 | 356 | 712 |

Soma safu ya mwisho kwanza. Koili na gesi zimelingana, tofauti ni shilingi moja. Jiko la mkaa lenye udongo liko chini ya gesi kwa Sh 25 tu, ila lile la bati linaipita gesi kwa Sh 575. Kwa hiyo mtu anayesema "gesi ni nafuu kuliko mkaa" na mwingine anayebisha wanaweza kuwa wote wana haki, kila mmoja na jiko lake. Na "umeme ni ghali" ni kauli isiyokamilika mpaka useme ni jiko gani la umeme. Mita ni moja, bei ya uniti ni ileile, mteremko umetofautiana mara mbili.

Kuupata mteremko wa jikoni kwako

Safu ya "matumizi kwa siku" ndiyo usiyoweza kuichukua kwa jirani. Inapimwa, na kipimo chake ni kilekile cha darasani: badiliko la wima kugawanya kwa badiliko la mlalo.

Gesi ndiyo rahisi zaidi. Tafuta mizani ya ndoano, ile ya kupimia mizigo, inayofika kilo 40. Kwenye shingo ya mtungi kumegongwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi ukitanguliwa na herufi TW. Tuseme ni kilo 15.2. Mtungi uliojaa basi unapaswa kuwa na kilo 30.2, na hapo hapo dukani upime kabla hujalipa, maana muuzaji anatakiwa kuwa na mizani. Ukikuta 29.1 ujue umeuziwa kilo 13.9 kwa bei ya 15, na bei yako ya kilo si Sh 3,800 tena bali Sh 4,101.

Sasa pima asubuhi ya siku unayoanza, kisha asubuhi ya siku 12 baadaye. Mizani imetoka 30.2 ikafika 25.7. Mteremko ni (25.7 − 30.2) ÷ 12 = −0.375. Alama ya kutoa inasema mtungi unapungua, gramu 375 kwa siku. Mlinganyo wa mtungi wako ni 30.2 − 0.375x, nao utafika 15.2 siku ya 40. Faida yake haiishii kwenye fedha: unajua wiki ipi gesi itaisha, kwa hiyo haitakukuta saa mbili usiku wali ukiwa nusu.

Vipimo viwili havitoshi kama katikati pamekuwa na wageni au shughuli. Pima mara moja kwa wiki, weka nukta kwenye karatasi ya miraba, kisha laza rula uone. Nukta zikishuka chini ya mstari mara moja kisha zikaendelea na mteremko uleule, mara nyingi ni siku ya pilau. Lakini zikizidi kushuka chini ya mstari kila wiki, mstari umepinda kwa sababu: mpira unavuja, au moto umekuwa wa njano na sufuria zinatoka masizi, yaani matundu ya kichwa cha jiko yameziba na gesi haiungui vizuri. Kuvuja kunajaribiwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa kiberiti.

Mkaa una ujanja wake. Kopo na sado havina uzito mmoja, kwani mkaa wa vipande vikubwa huacha nafasi tupu na mkaa mbichi au ulionyeshewa hulemea mizani bila kuongeza moto. Pima kwa kilo, ukiwa mkavu. Chenga zilizobaki chini ya gunia zitoe kwenye hesabu: gunia la kilo 50 lenye kilo 5 za chenga ni kilo 45 za kupikia, na bei uliyolipa igawe kwa 45.

Halafu mkaa una c nyingine ndogo iliyojificha ndani ya kila mlo. Chukua vipimo viwili kwenye jiko la udongo: chai ya nusu saa imekula kilo 0.35, maharage ya saa mbili na nusu yamekula kilo 0.9. Mteremko ni 0.55 kugawanya kwa saa 2, yaani kilo 0.275 kwa saa. Rudi nyuma hadi saa sifuri: 0.35 − 0.275 × 0.5 inabaki kilo 0.21. Hizo gramu 210 zinaondoka kwenye kuwasha na makaa yanayobaki kuungua bure chakula kikishaiva. Kwa Sh 1,000 kilo, kila unapowasha umeshalipa Sh 210 kabla sufuria haijapata moto. Anayewasha mara tatu kwa siku na anayepika vitu vitatu mfululizo kwa mwasho mmoja wanapishana Sh 420 kwa siku, wakiwa na jiko moja na mkaa wa gunia moja. Na hapo hujanunua jiko jipya.

Umeme usipimwe kwa kugawa fedha kwa uniti za stakabadhi moja. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, nayo haitegemei umepika au hukupika. Mteja wa T1, yaani kundi la bei la matumizi ya kawaida, akinunua ya Sh 10,000 mara ya kwanza katika mwezi hupata uniti 23.9. Akigawanya atapata Sh 418 kwa uniti na kulalamika kwamba bei imepanda. Mwezi unaofuata akianza na Sh 20,000 atapata uniti 51.9. Chukua tofauti badala ya namba zenyewe: 10,000 kugawanya kwa 28.0 ni Sh 357, ambayo ndiyo bei halisi ya uniti ikiwa imekunjwa kidogo na desimali. Ile 1,500 ni c, imejitoa yenyewe ulipotoa stakabadhi moja kwenye nyingine. Deni linalokatwa kwenye mita lina tabia hiyohiyo.

Kupima chungu kimoja, soma salio la uniti kwenye mita, zima friji na pasi, pika, soma tena. Au tumia kifaa cha kupimia kinachochomekwa kati ya soketi na jiko.

Chungu kwa chungu

Mstari wa siku nzima unaficha jambo moja: majiko hayatofautiani sawasawa kwenye kila chakula.

Chai ya lita moja na nusu, maji yakianza nyuzi 25, yanahitaji joto la takriban uniti 0.13 yafike kuchemka. Jiko la gesi hupeleka karibu nusu ya joto lake kwenye sufuria, kwa hiyo inatoka kama gramu 19 za gesi, Sh 70. Birika la umeme linatumia uniti 0.15, Sh 53 kwa T1. Mkaa, kwa kile kipimo cha hapo juu, ni Sh 350. Kwa chai, basi, mkaa ni mara tano ya gesi. Ndiyo maana mwenye jiko la mkaa akinunua mtungi mdogo wa gesi kwa ajili ya chai na kupasha moto tu, m yake inashuka kuliko alivyotarajia.

Maharage nusu kilo ni hadithi tofauti. Kwa mkaa ni kilo 0.9, Sh 900. Kwa gesi, yakishachemka ukapunguza moto, hula kama gramu 200, Sh 760. Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa mbili mfululizo ni uniti 2, Sh 712. Presha kuka ya umeme ya lita 6, nayo ya wati 1,000, inamaliza kwa uniti 0.45 hivi: Sh 160.

Wati ni zilezile, kwa nini basi moja ni 712 na nyingine 160? Chora uniti kwa dakika. Koili ni mstari mnyoofu unaopanda hadi mwisho. Presha kuka inapanda kwa mteremko uleule kwa dakika 25 mpaka presha ijae, hapo imeshatumia uniti 0.42. Kisha mstari unalala. Chungu kimefungwa na kimezungushiwa ganda, joto halitoki, kifaa kinajiwasha kwa muda mfupi tu kushikilia presha. Kwa hiyo kuongeza dakika 20 za kuivisha hakukugharimu karibu chochote, lakini kuongeza lita moja ya maji kunaongeza uniti 0.11 kwa sababu nayo lazima ipandishwe moto kwanza. Wanaosema presha kuka yao "inakula umeme" mara nyingi wanaijaza maji hadi juu kama sufuria ya kawaida. Maharage yaliyolowekwa usiku yanahitaji maji ya kuyafunika na vidole viwili juu yake, basi.

Ugali haupikwi humo, wala chapati. Hapo ndipo indaksheni au plate ya gesi inapoingia.

Mstari wa umeme una kona

Hadi hapa tumetumia Sh 356, ambayo ni Sh 292 ya T1 na makato asilimia 22. Nyumba nyingi ziko D1: Sh 122 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi ni Sh 427. Huo si mstari mmoja, ni vipande viwili vilivyoungana kwenye 75, cha pili kikiwa mkali mara tatu na nusu. Tena D1 ni ya wenye matumizi madogo. Ukizidi kwa kuendelea unahamishiwa T1, ambako hata uniti ya taa inalipiwa 356.

Hapa ndipo watu wenye akili zao wanapokosea. Wanauliza "uniti ni bei gani?" wakati swali ni "bili yangu itapanda kwa kiasi gani nikianza kupikia umeme, nikigawa kwa uniti nilizoongeza?" Chukua nyumba inayotumia uniti 40 kwa taa, TV na simu. Inalipa Sh 4,880. Inaongeza uniti 60 za kupikia, 2 kwa siku. Yafuatayo yanawezekana:

Ikibaki D1, uniti 100 ni 75 × 122 + 25 × 427 = Sh 19,825. Bili imepanda 14,945, sawa na Sh 249 kwa kila uniti ya kupikia, au Sh 498 kwa siku.

Ikihamishiwa T1, uniti 100 ni Sh 35,600. Bili imepanda 30,720. Kila uniti ya kupikia imegharimu Sh 512, ingawa hakuna mahali popote kwenye stakabadhi palipoandikwa 512. Sehemu ya fedha hiyo ni taa zilezile za zamani zilizopandishwa bei kwa ajili ya jiko. Kwa siku ni Sh 1,024.

Nyumba iliyokuwa T1 tangu mwanzo haina kona hiyo: uniti ni 356, siku ni 712.

Sasa rudisha koili mezani kwa yule wa D1. Uniti 120 za koili zikijumlishwa na 40 zinafika 160, bili ya T1 ni Sh 56,960, imepanda 52,080, na siku moja ni Sh 1,736. Koili iliyolingana na gesi kwenye jedwali imekuwa ghali kuliko gesi kwa Sh 311 kwa siku. Mtu wa D1 asinunue koili kuwa jiko la kila siku, kwa bei yoyote ya dukani.

Njia bora ya D1 iko chini ya kona. Kutoka 40 hadi 75 kuna nafasi ya uniti 35, sawa na 1.17 kwa siku. Presha kuka kwa chungu kimoja kigumu kwa siku ni uniti 13.5 kwa mwezi, jumla 53.5, bado uko salama, na chungu kimoja cha maharage kinakugharimu Sh 55. Vinavyoiva haraka viache kwenye gesi. Kila mwisho wa mwezi jumlisha uniti ulizonunua, na ukiona umegusa 70, punguza. Friji ikinunuliwa, hesabu hii ianze upya, maana friji peke yake inaweza kumaliza hiyo nafasi.

Kenya nako kuna kona, iliyopangwa kwa namna nyingine: mteja wa nyumbani huwekwa kwenye ngazi kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na ngazi ya chini kabisa huishia uniti 30. Mitungi mikubwa ya nyumbani huko ni ya kilo 13, si 15. Weka namba zako, njia ni ileile.

Mistari inapokatana, na isipokatana

Siku ya kukatana ni tofauti ya c kugawanya kwa tofauti ya m.

Kutoka jiko la bati kwenda gesi: 120,000 ÷ 575 = siku 209, miezi saba hivi. Ni uamuzi mwepesi.

Kutoka jiko la udongo kwenda gesi: m ya gesi iko juu kwa Sh 25, na c yake iko juu pia. Mistari haitakutana mbele ya safari. Kwa fedha tupu, mwenye jiko la udongo anayepika kwa mpangilio hana sababu ya kuhama. Lakini mkaa ukipanda hadi Sh 1,200 kilo, m yake inakuwa 1,680, tofauti 255, na siku ya kukatana ni ya 451. Ukifika 1,400, m ni 1,960, tofauti 535, siku ya 215. Bei imepanda kwa Sh 200 tu kutoka hatua moja kwenda nyingine, jibu likaruka miezi minane. Ndivyo inavyokuwa mistari inapokaribia kuwa sambamba: kosa dogo kwenye m linahamisha jibu mbali sana. Ukiona tofauti ya m ni ndogo kuliko asilimia 10, usiamini siku uliyoipata. Rudi upime tena, na ujaribu na bei ya masika, mkaa unapoadimika. Wakati mwingine jibu la kweli ni kwamba fedha haziamui, amua kwa mambo mengine: moshi, muda wa kuwasha, na hewa ya kaboni monoksaidi inayoua kimyakimya mkaa ukiwashwa chumba kikiwa kimefungwa. Hilo la mwisho halina nafasi kwenye grafu na halihitaji kuwa nayo.

Kutoka gesi kwenda presha kuka na indaksheni, kwa nyumba ya T1: 130,000 ÷ 713 = siku 182. Kwa aliyehamishwa kutoka D1, tofauti ya m ni 401, siku 324. Zote mbili zinakubalika kama vifaa vitadumu zaidi ya mwaka. Lakini umeme ukikatika utahitaji jiko la akiba, na bei yake iingie kwenye c. Usijifanye hulioni.

Presha kuka peke yake, ikiongezwa juu ya gesi, ihesabiwe kwa vyungu badala ya siku. Kila chungu cha maharage, makande au nyama ngumu kinaokoa 760 − 160 = Sh 600 kwa T1. 180,000 ÷ 600 ni vyungu 300. Anayepika vyungu vitano kwa wiki amerudisha fedha baada ya wiki 60. Anayekula maharage Jumapili tu atasubiri karibu miaka sita, na gasketi itakuwa imeshakwisha. Huyo asinunue kwa sababu ya kubana matumizi.

Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa kwa ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini. Ruzuku ya mtungi inashusha c. Haigusi m. Mtungi wa kwanza ukiisha, familia inarudi kwenye bei ya kujaza, na kama m ya gesi iko juu ya m ya mkaa au kuni wanazookota bure, mtungi unageuka pambo la kona ya jikoni. Kabla ya kuchukua mtungi wa ruzuku, uliza kujaza ni shilingi ngapi hapo kijijini, na kituo kiko umbali gani.

Kilo 6 au kilo 15

Kujaza kilo 6 ni Sh 24,000, yaani 4,000 kwa kilo. Kilo 15 ni Sh 57,000, yaani 3,800. Tofauti ni Sh 200 kwa kilo, na tuseme mtungi mkubwa wenyewe unazidi kwa Sh 50,000. Zitakatana baada ya kilo 250 za gesi, ambazo familia yetu inazimaliza kwa siku 667.

Ongeza bodaboda ya Sh 2,000 kila unapokwenda kujaza. Nauli ni ileile kwa mtungi wowote, kwa hiyo inagawanywa kwa kilo 6 huku na kwa kilo 15 kule: 4,333 dhidi ya 3,933. Tofauti imepanda hadi Sh 400, na siku zimeshuka hadi 333. Kadiri duka lilivyo mbali, ndivyo mtungi mkubwa unavyofaa. Anayeishi peke yake na kutumia gramu 120 kwa siku atahitaji karibu miaka mitatu hata kwa nauli hiyo. Achukue kilo 6, na kama akiba inapatikana, achukue wa pili wa kilo 6 badala ya mmoja wa 15, ili asikwame gesi ikiisha usiku.

Mpangaji wa mita ya pamoja

Waliopanga chumba hawako D1 wala T1. Wako kwenye bei ya mwenye nyumba. Kama analipisha Sh 500 kwa uniti, maharage ya presha kuka ni Sh 225, bado chini ya gesi, na koili ya uniti 4 ni Sh 2,000 kwa siku, juu ya kila kitu kwenye jedwali isipokuwa jiko la bati, ambalo imelingana nalo. Kama analipisha kwa kichwa, Sh 15,000 kwa mwezi upike usipike, m yako ni sifuri na yote ni c, kwa hiyo majirani watakaolipia uniti zako wataligundua kabla ya mwezi wa tatu. Kubaliana nao mapema mgawane kwa uniti. Chomeka kifaa cha kupimia kwenye soketi ya jiko lako, andika namba kila Jumapili, na usichomeke jiko la wati 2,000 kwenye ekstensheni nyembamba: linavuta karibu ampea 9, waya unapata moto, na plagi inayoyeyuka ni gharama ambayo mwenye nyumba hataigawa kwa kichwa.